Kanuni ya Saa 24

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa Karatu wiki mbili, nyumbani kwa mama, na huko nimekutana na mtu niliyemdhulumu mwaka 2016. Sikumwibia pesa wala simu. Nilimnyang'anya nchi.

Ngojeni nieleze kabla hamjaita polisi.

Mwishoni mwa 2015 tulimaliza kidato cha nne. Waliopita njia hiyo wanakumbuka: mtihani umeisha Novemba, matokeo bado, kidato cha tano ni mpaka mwaka unaofuata, na pale nyumbani kila mtu mzima anakutazama kama jembe lililosahauliwa ukutani. Asubuhi shambani, jioni simu. Tukakusanyana vijana kumi na mmoja tuliosoma pamoja, tukafungua kundi la WhatsApp la mchezo wa kuigiza kwa maandishi. Kila mmoja alikuwa mtawala wa eneo lake. Unaandika kama mtawala: hotuba, barua za vitisho, ndoa za kisiasa, vita. Ramani niliichora mimi kwenye karatasi ya manila, nikaipiga picha, nikaituma kundini. Ilikuwa nchi ya kufikirika, lakini mtoto wa Karatu hana mawazo mengi ya ramani: kulikuwa na mlima, ziwa la magadi, msitu, na katikati shimo kubwa lenye maji na nyasi mwaka mzima.

Eneo lile tuliliita Shimo. Lilikuwa la rafiki yangu, Mmasai kutoka ng'ambo ya Endulen, ndani kabisa ya Ngorongoro. Jirani yake kwenye ramani nilikuwa mimi.

Sasa, mchezo wowote wa aina hii, uwe wa vijana kumi na mmoja wenye bando la kuunga-unga au wa maelfu ya watu huko duniani, hufika mahali pale pale: nani anaruhusiwa kuchukua eneo la mwenzake, na kwa utaratibu gani? Sisi tulikuwa na kanuni moja. Mvamizi anaandika tangazo la vita. Mwenye eneo ana saa 24 za kujibu. Akijibu, wasiohusika wanapiga kura kuamua nani ameandika vita vizuri zaidi. Asipojibu, eneo limekwenda.

Nani aliandika kanuni hiyo? Mimi. Nani alikuwa msimamizi wa kundi? Mimi. Na nani alikuwa akilitamani Shimo tangu siku ya kwanza? Mnanielewa.

Februari 2016 rafiki yangu akaenda kwao kuchunga, maana mdogo wake alikuwa ameanza shule. Alishaniambia mambo ya huko: mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, tena jioni, na simu inachajiwa siku ukibahatika kufika Endulen. Ijumaa saa mbili usiku nikatangaza vita. Jumamosi mchana nikabonyeza ujumbe wangu kutazama nani ameusoma. Tisa walikuwa wamesoma. Mmoja bado. Ilipofika saa mbili usiku nikaandika kwa mbwembwe kwamba majeshi yangu yameingia Shimo bila kutupiwa hata jiwe. Kundi zima likashangilia.

Jumatatu akaonekana. Hakulalamika. Aliandika sentensi moja, akiwa bado ndani ya uhusika wake: "Watu wangu wanahama." Kisha akajitoa kundini.

Sikumwomba radhi. Kanuni si ilikuwepo? Si ilikuwa ya wote? Miaka yote hiyo nilijibu hivyo nilipokumbushwa.

Baadaye nikawa mwandishi wa habari na nikaanza kusoma kuhusu michezo mikubwa ya mtandaoni, kwa udadisi tu. Nikakuta wenzetu walishagombana sana juu ya jambo hili. Ultima Online ilipoanza mwaka 1997, aliyekuwa na nguvu aliweza kumvamia mgeni popote nje ya miji na kumwachia nguo ya ndani tu. Mwaka 2000 wenye mchezo wakaugawa ulimwengu wao mara mbili: upande mmoja vita kama zamani, upande wa pili huguswi bila ridhaa yako. EVE Online, ya kampuni moja ya Iceland, ilianza 2003, na humo watu huunda miungano mikubwa wakigombea anga. Lakini kituo kikubwa hakianguki usiku mmoja. Kikipigwa hadi kiwango fulani kinajifunga kwa saa nyingi, ili wenyewe walioko kazini au usingizini warudi kukitetea. Wale watu wameelewa jambo ambalo mimi nililikwepa: saa za mvamizi na saa za mvamiwa hazilingani. Mvamizi anachagua siku. Mwenye eneo anaikuta siku.

Halafu nikakutana na kisa kilichonichoma zaidi. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo ya EVE, ambaye naye alikuwa mchezaji, alikuwa amejipatia kinyume cha taratibu michoro adimu ya kuundia vifaa, na muungano wake ulikuwa miongoni mwa yenye nguvu zaidi. Refa alikuwa na jezi ndani ya shati. Wachezaji walikasirika mno, na mwaka uliofuata likaanzishwa baraza la wachezaji, linalochaguliwa kwa kura zao, la kukaa mezani na kampuni. Nilisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi nilikuwa yule mfanyakazi, bila mshahara.

Lakini wadau, nisingeandika haya yote kwa ajili ya karatasi ya manila. Naandika kwa sababu Shimo lipo kweli. Ukitoka Karatu unapanda na barabara ya lami, vumbi jekundu likibaki nyuma, unapita lango la Lodoare, unaingia ukungu, na baada ya muda unasimama ukingoni na kulitazama chini yako. Na lile la kweli nalo limechukuliwa mara nyingi, kila mara kwa kanuni tofauti.

Kabla ya Wamasai walikuwepo Wadatoga, ambao Wamasai waliwaita Mang'ati, yaani maadui. Katika karne ya 19 walipigana, Wadatoga wakashindwa na kusogea upande wa Ziwa Eyasi na Hanang. Kanuni ilikuwa mkuki. Sisemi mkuki ni haki. Lakini karibu na msitu wa Lerai, chini kule kreta, kuna makaburi ya wakubwa wa Kidatoga, na wazee wao wamekuwa wakirudi kufanya matambiko. Aliyeshindwa alipoteza malisho, hakupoteza marehemu wake.

Wakaja Wajerumani. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia ndugu wawili, akina Siedentopf, walikuwa na mashamba na mifugo mle mle ndani ya kreta. Kanuni ilikuwa karatasi ya serikali ya kikoloni. Ujerumani iliposhindwa, karatasi nayo ikafa. Hata huku kwetu, walowezi Wajerumani waliolima kahawa Oldeani waliishia kuwekwa kizuizini vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, na mashamba yao yakashikiliwa kama mali ya adui. Kanuni inayokupa ardhi kwa sababu ya bendera itakunyang'anya kwa sababu ya bendera.

Kisha Mwingereza. Mwaka 1958 wazee kumi na wawili wa Kimasai waliweka sahihi hati ya kukubali kuondoka Serengeti Magharibi. Hati ilikuwa ya wanasheria wa serikali, na waliotia sahihi walikuwa wazee kumi na wawili kwa niaba ya maelfu. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ikawa eneo la pekee ambapo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja, zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Mwaka huo huo Gavana Turnbull aliwaambia viongozi wa Kimasai kwamba yakitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na ya wakazi, ya wakazi yatatangulia.

Hapo ndipo kanuni zilipowekwa. Sasa tazameni zilivyobadilika mchezo ukiendelea. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi chini ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo. Mwaka 1992 kilimo kidogo cha kujikimu kikaruhusiwa. Mwaka 2009 marufuku ikarudi. Mama aliyepanda mahindi nyuma ya boma mwaka 2008 alikuwa raia mwema. Aliyepanda mwaka 2010 alikuwa mkosaji. Mbegu ile ile, jembe lile lile.

Nisiwe mwandishi wa upande mmoja. Hoja ya serikali ninaijua na haina uzito mdogo. Mwaka 1959 wakazi walikadiriwa kuwa kama 8,000. Mwaka 2022 walitajwa kuwa zaidi ya 100,000. Maji na nyasi havikuongezeka. Ngorongoro ni Urithi wa Dunia tangu 1979, na watalii wake wanaiingizia nchi fedha nyingi, pamoja na hapa Karatu, ambako nusu ya vijana niliosoma nao ni madereva, wapishi wa kambi au wauza vinyago. Shemeji yangu mwenyewe anakula kwa sababu ya kreta ile. Anayesema hakuna tatizo kule juu hajapanda.

Ila tatizo kuwepo ni jambo moja, nani ahesabu saa ni jambo jingine. Mamlaka ile ile inapewa kazi tatu: kulinda mazingira, kuendeleza utalii na kulinda maslahi ya wakazi. Inakusanya kiingilio langoni, na inaamua nani alime, nani ajenge. Inaweza kuwa imejaa watu waadilifu kabisa. Swali langu si kuhusu tabia za mtu. Hata mimi mwaka 2016 nilijiona mwadilifu. Swali ni kama mwenye filimbi anaweza pia kuwa na eneo linalopakana na la mchezaji.

Na kuhusu saa. Mwezi Juni 2022 familia za kwanza zilihamia Msomera, Handeni, mkoani Tanga. Serikali inasema ni kwa hiari, na wanaohama wanapewa nyumba na shamba. Wakazi wengi waliobaki, na mashirika ya haki za binadamu, wanasema hiari inapungua pale huduma zinapopungua. Kisha tarehe 2 Agosti 2024 likatoka tangazo la serikali namba 673, lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro, huku uchaguzi wa serikali za mitaa ukiwa Novemba ya mwaka ule ule. Tangazo la aina hiyo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Niambieni, nani hulisoma akiwa juu ya kilima cha mtandao, jioni, chaji asilimia sita?

Watu waliamka wakajikuta wanaishi mahali ambapo kwenye karatasi si kijiji tena. Tarehe 18 Agosti maelfu wakajaa barabarani, kwenye njia ya watalii, wakiwa na mashuka yao mekundu. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo. Desemba 1 Rais Samia akakutana na viongozi wa Kimasai Arusha, na mwaka 2025 zikaundwa tume mbili za kuangalia ardhi na uhamaji. Mimi nilichokiona katika siku zile nne za Agosti ni kitu ambacho mchezo wetu haukuwa nacho kabisa: mahali pa kwenda ambapo si kwa msimamizi. Mahakama ilisimamisha saa.

Niliyafikiria haya mezani kwa babu, akanitazama akasema, "Mjukuu wangu, na sisi je?"

Na sisi, kweli. Sisi ni Wairaqw. Babu yake babu alitoka Mbulu. Uwanda huu wa Karatu ulikuwa malisho ya Wamasai. Baada ya sotoka kuua ng'ombe wao miaka ya 1890, na njaa na ndui kufuata, walipungua, na watu wetu wakaanza kushuka taratibu na majembe. Serikali za kikoloni zilitutazama kwa jicho zuri kwa kuwa tulilima na kulipa kodi. Hatukurusha mkuki mkubwa wa kusimuliwa. Tulipanda mtama, kisha mahindi, kisha ngano, kisha tukajenga hoteli. Kanuni ilikuwa: anayelima ndiye mwenyewe. Anayepita na ng'ombe na kurudi mwakani kwa kufuata mvua alionekana hajajibu tangazo. Saa zake zimeisha.

Mnaiona kanuni ile ile? Niliirithi bila kujua, nikaiandika kwenye simu nikiwa na miaka kumi na saba nikidhani nimeibuni.

Haikuwa lazima iwe hivyo, maana wapo ambao hawarushi mkuki wala hawashiki jembe. Wahadzabe wa Yaeda Chini, ng'ambo ya Eyasi, ni wawindaji na wachuma matunda. Kwa kanuni ya mkuki wangepoteza, kwa kanuni ya jembe wamepoteza sana. Mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, kwa jina la jamii. Hati ile haikuwauliza wamelima wapi. Inawezekana, basi, kuandika kanuni inayomwona mtu anavyoishi badala ya kumsubiri akosee.

Turudi Karatu. Rafiki yangu nilimkuta karibu na stendi, anakunywa chai ya maziwa, na mfuko wa sukari miguuni. Tulishikana mikono kama watu wazima. Kaka yake ameenda Msomera. Mama yake amekataa. Yeye yuko katikati, anauza ng'ombe huku na kupeleka pesa pande zote mbili. Tulizungumza hayo kwanza, kwa muda mrefu, na mengine si ya kuandika hapa.

Kisha nikamwambia, "Kaka, lile Shimo."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Bado unalo?"

"Nilikuwa naona hujasoma. Nilikuwa naangalia tisa wamesoma, wewe bado. Nikasubiri saa ziishe."

Akanyamaza kidogo. "Nilijua," akasema. "Kanuni haikuwa mbaya sana, aise. Ulichokosea ni pa kuanzia kuhesabu. Saa ingeanza nikishasoma."

Hebu tulieni hapo. Nimesoma mijadala mirefu ya wachezaji wa nchi za mbali, nimesoma sheria na hati za wakoloni, na mtu mwenye mfuko wa sukari amenimalizia kwa sentensi moja. Saa ianze mwenye eneo akishasoma. Si akishatangaziwa, akishasoma, kwa lugha anayoielewa, mahali alipo. Mimi ningeongeza mbili tu: mwenye kuhesabu saa asiwe jirani anayelitamani eneo, na aliyeshindwa awe na mahali pa kukata rufaa, na njia ya kurudi kwenye makaburi yake.

Mtaniambia mchezo ni mchezo na ardhi ni ardhi. Ni kweli. Yeye aliweza kujitoa kundini kwa kubonyeza mara moja. Mama yake hana pa kubonyeza.

Alikuwa anawahi gari la kupanda kabla geti halijafungwa, kwa hiyo hatukuagana vizuri. Nilipofika Dar niliandika haya, nikamtumia yeye kwanza, siku ya Jumatano. Tiki moja ya kijivu. Alhamisi, tiki moja ya kijivu. Mhariri wa moyoni mwangu ananiambia weka tu, watu wanasubiri. Nikakaa.

Ijumaa jioni zikawa bluu. Baada ya robo saa likaja jibu: "Sawa, weka. Ila Shimo lilikuwa na ng'ombe 400. Hujawataja."

Nawataja. Walikuwa 400.